SHOKA, CHUNGU NA CHEREHANI: SADAKA TULIYOISAHAU

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mmoja wa walimu wa madrasa zetu mjini Tanga, mbele ya waumini wanaume na wanawake, baina ya Magharibi na Isha. Tumeiandika kama ilivyosemwa, tukapunguza marudio tu. – Mhariri)



Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Wazee wangu, ndugu zangu katika imani, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia. Niliombwa nizungumze juu ya fadhila za kutoa, kwa kuwa kamati yetu inajiandaa kukusanya zaka ya mwaka huu. Nimemuomba imamu aniruhusu nilitazame jambo hili kwa upande ambao mara chache tunauzungumza katika darsa zetu, nao ni zana za kazi. Nakusudia randa, msumeno, nyundo, spana, mwiko wa muashi na cherehani. Najua wapo watakaojiuliza mwalimu wa Qur'ani anatafuta nini kwenye sanduku la fundi. Nawaomba mnisubiri mpaka mwisho.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na kosa langu, kwa sababu haifai mtu kuwanyooshea wenziwe kidole hali yeye mwenyewe ana la kujibu.

Mwaka 2020 alinijia kijana mmoja niliyemfundisha tangu akiwa mdogo. Ni yatima, amehifadhi juzuu kumi, na baada ya darasa la saba alisomea useremala kwa miaka miwili akafaulu vizuri. Alinikuta hapa barazani baada ya sala ya Alasiri, akaniambia: "Ustadhi, cheti ninacho, lakini sina randa wala msumeno. Kila karakana ninayokwenda wananiuliza, zana zako ziko wapi?" Nilimnasihi awe na subira, nikamuombea dua, nikatia mkono mfukoni nikampa shilingi elfu tano. Akashukuru, akaondoka. Mimi nikarudi ndani nikaona nimetekeleza wajibu wangu.

Baada ya miezi michache nikasikia anasukuma mkokoteni sokoni. Kusukuma mkokoteni ni kazi ya halali na wala hatuidharau. Lakini ni kijana ambaye jamii ilimgharimia miaka miwili ajifunze kupima, kukata na kuunga mbao, kisha ikamwacha kwenye hatua ya mwisho kwa kukosa vitu ambavyo vyote vinaenea kwenye kikapu kimoja. Wakati ule sikuliona jambo hili hivyo. Nililiona nikiwa mbali sana na Tanga.

NILIYOYAONA UINGEREZA

Mwaka 2022, kuanzia mwezi wa Rajab hadi Shawwal 1443, nilikuwa kusini mwa Uingereza. Jamaa zetu Waswahili wanaoishi huko waliniita niwasomeshe watoto wao Qur'ani na kuwasalisha tarawehe. Kazi yangu ilianza jioni watoto wakitoka shule, kwa hiyo asubuhi nilikuwa sina shughuli. Jirani wa mwenyeji wangu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya umakanika wa mabasi, akaniambia: "Sheikh, kama unapenda, Jumanne na Alhamisi njoo nasi karakanani." Niliuliza kwanza kama sheria inaniruhusu, nikaambiwa kwamba mgeni anaweza kujitolea kwenye taasisi ya hisani iliyosajiliwa kwa muda usiozidi siku 30. Nikaenda.

Nilikuta banda refu, baridi kama ndani ya jokofu, na ndani yake wazee wapatao kumi na watano. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule, mwingine fundi wa meli, mwingine karani wa benki. Hakuna aliyelipwa. Wananchi wa mji ule huleta zana kuukuu walizoachiwa na baba au babu zao, zilizolala miaka mingi zikila kutu, na wale wazee huzifufua zikawa zana za kazi, kisha zikasafirishwa kwa meli kwenda Afrika.

Baadaye nilifahamu kuwa jambo lile lina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianzishwa huko Uingereza taasisi iitwayo Tools for Self Reliance, yaani zana kwa ajili ya kujitegemea. Karakana yake kuu ilikuwa kijiji cha Netley Marsh, karibu na mji wa bandari wa Southampton, na vikundi vya watu wa kujitolea vilikuwa vikitengeneza zana katika miji mingi na kuzipeleka pale. Zana hizo zilifika Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia, Ghana na Sierra Leone. Hapa kwetu SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lilikuwa mshirika wake kwa miaka mingi. Nanyi wazee mnajua neno kujitegemea lilikotoka. Mwaka 1967 mlilisikia katika Azimio la Arusha. Taasisi nyingine ni Workaid ya mji wa Chesham, Tools With A Mission ya Ipswich ambayo ni ya Kikristo, na Gered Gereedschap ya Uholanzi. Huenda wengine kati yenu mmewahi kushonewa nguo kwa cherehani lililopitia mikononi mwa watu kama hao bila ya nyinyi kujua.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Siku ya kwanza nilipewa brashi ya waya na ndoo yenye patasi na koleo zilizooza kwa kutu. Nilidhani kazi ni kusugua tu. Kumbe kila kitu kina elimu yake.

Kwanza ni kuchambua. Chuma chenye kutu ya juu kinapona, lakini chuma cha kalibu kilichopasuka hutupwa, kwa sababu kitamvunjikia mtu mkononi. Spana nazo hutengwa kwa vipimo. Spana nyingi za zamani za Uingereza ni za inchi, na nyingine ni za kipimo cha Whitworth kilichowekwa mwaka 1841. Huku kwetu pikipiki na magari yetu ya Kijapani, Kihindi na Kichina yanafunguliwa kwa namba 10, 12, 14 za milimita. Fundi wa bodaboda ukimpelekea sanduku zima la spana za inchi, umempelekea mzigo wa kubeba. Yule mzee jirani yetu alikuwa akizipima moja moja.

Pili ni kutoa kutu. Zana hulazwa ndani ya siki, au maji yaliyotiwa asidi ya limau, usiku mmoja au zaidi. Kisha husuguliwa, huoshwa kwa maji ya magadi ili asidi isiendelee kula chuma, hukaushwa upesi na kupakwa mafuta. Nikajiambia, siki na ndimu si tunazo Tanga? Upepo wa bahari unatuletea kutu kila siku, na dawa yake imo jikoni mwetu.

Tatu ni kunoa. Jembe la randa huchongwa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha ukingo wake hutiwa makali kwenye kinoo kwa nyuzi 30. Msumeno haunolewi tu. Kila jino hupindishwa kidogo, moja kulia na linalofuata kushoto, ili mkato uwe mpana kuliko bapa na msumeno usikwame ndani ya mbao. Nyundo iliyolegea hutiwa mpini mpya na kukazwa kwa kabari. Nilitumia asubuhi nzima kunoa msumeno mmoja, nao wakaniambia nirudie.

Nne ni cherehani. Alikuwapo bibi mmoja mkongwe ambaye kazi yake ilikuwa hizo tu, hasa Singer za kuzungusha kwa mkono na za kukanyaga. Umeme wa Uingereza ni wa volti 230 kama wetu, na hata plagi zetu zinafanana, lakini yeye alisema mashine isiyotegemea umeme ndiyo itakayofanya kazi kijijini. Aliifungua, akaondoa uzi uliosokotana na mafuta yaliyoganda, akaitia mafuta mepesi ya mashine. Alinionya kwamba mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya cherehani. Akimaliza, hushona mstari mmoja ulionyooka kwenye kipande cha kitambaa cheupe, akakiacha chini ya mguu wa mashine kiwe ushahidi. Mashine isiyoshona mstari huo haitoki.

Tano ni kupanga kwa seti. Zana hazikurundikwa ovyo. Sanduku la seremala lina randa, misumeno, patasi, nyundo, keekee, kipimo na kinoo. La muashi lina vya muashi, na la mhunzi vya mhunzi. Anayepokea anaanza kazi siku ileile bila ya kutafuta kilichopungua.

Na kanuni yao iliandikwa ukutani kwa maneno machache, ambayo maana yake ni hii: je, wewe mwenyewe ungekubali kuifanyia kazi zana hii? Kama jibu ni hapana, inakwenda kwenye chuma chakavu.

Ndugu zangu, nilipoisoma kanuni ile niliinamisha kichwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Mola wetu ametukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho lau tungepewa sisi tusingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Aya hiyo nimeifasiri mara nyingi mbele ya wanafunzi. Hebu tujiulize, ni mara ngapi tumetoa sadaka nguo isiyo na vifungo na redio isiyosema, tukataka tushukuriwe?

SIKU NILIYOMKUMBUKA KIJANA WANGU

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa Shaaban. Nilikuwa nanoa jembe la randa. Fundi wa meli akaja, akalijaribu kwenye ubao, ukatoka unyoya mwembamba kama karatasi. Akatabasamu akasema: "Sasa kuna mtu atapata riziki yake kwa hii." Pale pale nikamkumbuka kijana wangu wa juzuu kumi. Yule mzee hamjui wala hatamjua fundi atakayeipokea randa ile, hawana dini moja wala lugha moja, na bado amesimama kwenye baridi kwa ajili yake. Mimi niliyemfundisha wangu tangu Alif nilimpa elfu tano na dua.

Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu nilivyovisoma miaka yangu ya chuo kikuu, Khartoum. Nikaona kwamba hayo niliyokwenda kuyashangaa ughaibuni yameandikwa kwetu tangu zamani, nasi tumeyapita tukisoma.

DINI YETU IMESEMA NINI

Kwanza, Suratul Maun, ambayo kila mtoto wa madrasa anaihifadhi. Mwisho wake unawakemea wanaozuia "maun". Ibn Masud (r.a.) alifasiri kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, akataja mfano wa shoka, chungu na ndoo. Kumnyima jirani zana uliyonayo na usiyoihitaji kumeingizwa ndani ya sura moja na kumsukuma yatima.

Pili, Abu Dharr (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya amali bora, naye akamtajia. Alipouliza, na asipoweza je? Aliambiwa amsaidie mwenye kufanya kazi ya mikono, au amfanyie kazi yule asiyeijua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tatu, kuna kisa mashuhuri cha mtu wa Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akauza tandiko na bakuli lake kwa dirhamu mbili, moja akanunulia familia yake chakula, na ya pili shoka, akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akakate kuni na asionekane kwa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Wameipokea Abu Daud na Ibn Majah. Ni amana kuwaambia kwamba katika isnadi yake maulamaa wana maneno. Lakini maana yake inapata nguvu kwa hadithi sahihi ya Zubayr bin Awwam katika Bukhari, kwamba mtu kuchukua kamba yake akaleta mzigo wa kuni mgongoni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu.

Nne, na hili ndilo linalotuhusu usiku huu. Imamu Nawawi, ambaye ndiye tegemeo la madhehebu yetu ya Shafii huku pwani, ameeleza katika al-Majmuu kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Shabaha ni kumtoa katika ufakiri.

Sasa chukulieni mfano. Kamati imekusanya shilingi milioni mbili. Tukiwagawia watu mia mbili, kila mmoja atapata elfu kumi. Atanunua unga na sukari, na baada ya siku nne yuko palepale. Mwaka ujao jina lake limo katika orodha ileile, na la mwanawe chini yake. Sisemi tuwaache wazee, wagonjwa na vikongwe wasioweza kazi. Hao haki yao ni chakula, na wapewe mwanzo. Ninasema, ndani ya orodha ile wamo mafundi waliokosa zana. Kumpa fundi elfu kumi kila mwaka ni kumfanya mwombaji kwa hiari yetu.

TULIYOYAJARIBU

Niliporudi tulikaa watu sita tukaanza kwa sadaka zetu wenyewe. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri tunakutana kwenye kibaraza cha nyuma cha msikiti. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba zana zilizolala. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alitutolea sanduku lake lote, na yeye mwenyewe akawa mwalimu wetu wa kunoa tupa na misumeno. Mama mmoja alitupa cherehani la marehemu mama yake lililokuwa limegeuzwa meza ya kuwekea taa. Yaliyobaki tuliyanunua kwa wauza vyuma vikuukuu. Mpaka leo tumetimiza seti saba.

Seti ya kwanza niliikusudia kwa kijana wangu. Niliibeba mwenyewe mpaka kwao. Mama yake akanipokea, akaitazama randa, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwalimu, mwanao ameondoka tangu mwaka jana. Alisema anakwenda Dar es Salaam, kisha simu yake haikupatikana tena." Nikakosa la kumwambia. Nikamuomba msamaha, naye akasema: "Wewe ulimpa ulichokuwa nacho." Lakini mimi na Mola wangu tunajua kuwa nilikuwa na zaidi ya elfu tano. Nilikuwa na msikiti mzima ambao ningeweza kuuzungumza nao, na sikuuzungumza.

Seti ile tulimpa kijana mwingine, naye anatengeneza milango hivi sasa. Yule mama tulimpa cherehani. Anashona sare za watoto wa madrasa. Wa kwangu bado tunamtafuta, na nawaomba mumtie katika dua zenu.

MASWALI YANAYOULIZWA

Wapo wanaosema: fundi akipewa ataziuza. Kweli, katika saba wetu mmoja aliuza. Tulipomfuata tukakuta mtoto wake alikuwa amelazwa, hakuwa na njia nyingine. Tangu hapo tumejifunza kuuliza kwanza hali ya nyumba, na kumtia fundi mkononi mwa fundi mkubwa wa mtaani atakayemtazama. Mmoja kuuza si hoja ya kuwanyima sita waliofanya kazi. Ungekuwa ni hoja, basi hata unga tusingegawa, kwa sababu nao huuzwa.

Wengine wanauliza: je, zana za zaka zinaweza kuwekwa msikitini zikaazimwa? Hapana. Zaka ni lazima imilikiwe na anayestahiki. Apewe fedha, au yeye mwenyewe aridhie kamati imnunulie, na zana ziwe mali yake. Zana za kuazima zitokane na sadaka na wakfu. Khalid bin Walid (r.a.) aliweka wakfu deraya na zana zake katika njia ya Allah, na hilo limethibiti katika Bukhari. Basi mzee mwenye jiliwa au jeki nyumbani anaweza kuiweka wakfu, ikamtumikia kila fundi wa mtaa huu hata baada yake.

Wengine wanauliza: kwa nini umekwenda kufanya kazi na wasiokuwa Waislamu, na tena unawasifu? Nami nasema, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria kabla ya utume mapatano ya Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, ya kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa tena angeitika. Sikwenda kuchukua imani yao. Niliona wema nikauita wema.

Na vijana wananiambia: ustadhi, basi nasi tutafutie nafasi ya kwenda kujitolea Ulaya. Wanangu, sikatazi mtu kusafiri akajifunza. Lakini nauli ya ndege ya mtu mmoja ingetimiza masanduku mangapi? Hata wageni wanaokuja huku kujitolea tunawapokea kwa heshima, ila wakija kupaka rangi ukuta ambao fundi wetu angeupaka kwa ujira, fundi huyo wamemkosesha kazi. Wale wazee wa Uingereza nilichowapendea ni hiki: hawakuja kutufanyia kazi. Walibaki kwao, wakatoa muda wao na elimu ya mikono yao, wakaamini kwamba fundi wa Tanga akipata zana atajua la kufanya. Kujitolea huko kunawezekana kwenye kibaraza chetu, na nauli yake ni hatua kumi.

TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo matatu, ili kamati iyatazame kabla ya mwezi kuisha.

1. Katika zaka ya mwaka huu, baada ya fungu la wasiojiweza, litengwe fungu la mafundi. Kila mtaa ulete majina ya vijana na wajane wenye ufundi waliokosa zana, pamoja na orodha ya wanachohitaji hasa. Tusiwanunulie tunachokidhania sisi.

2. Kila mmoja wetu akirudi nyumbani usiku huu atazame chini ya kitanda, juu ya kabati na stoo. Zana usiyoitumia ilete Jumamosi. Hata ikiwa na kutu, ilete. Iliyopasuka tutakwambia.

3. Wastaafu wetu wa reli, bandari na viwanda mje mtufundishe. Nyinyi mna elimu ambayo haimo katika vitabu vyangu, na mkiondoka nayo hatutaipata tena. Nafasi ya kina mama kwa upande wa cherehani ipo, na itakuwa na saa zake na pazia lake.

Wazee wangu, najua wapo kati yenu ambao hawakubaliani nami juu ya fungu la zaka, na wamenitangulia kwa umri na kwa hekima. Nawaomba tulijadili kwa dalili na kwa upole, na mkiona nimekosea mnirekebishe. Lakini tusiliahirishe mpaka mwaka ujao. Mimi niliahirisha jambo la mtu mmoja, na nilipofika na sanduku mlangoni kwao, nilimkuta mama yake peke yake.

Tunamuomba Allah Mtukufu azitakase mali zetu, aibariki mikono ya mafundi wetu, amrudishe kila mtoto aliyepotea kwa wazazi wake, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza kauli wakafuata iliyo bora. Wabillahi tawfiiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.